Kabla Hujanunua Gemu Lililooshwa

Nyie mnaoniita Bibi Gemu mkidhani nitakasirika, endeleeni tu, jina nimelizoea na ninalipenda. Nimekaa Tunduma miaka zaidi ya ishirini nikiendesha banda la gemu na kutengeneza mashine zake. Sasa nimestaafu, nimerudi Vwawa kwenye nyumba yangu, nina kuku na migomba michache, na bado simu inalia kila siku. Wengi wenu mnaniuliza swali lilelile: Mama Neema, haya magemu ya zamani yanayotolewa upya na picha kali, yananunulika au ni kuibiwa mchana kweupe? Nawajibu leo wote kwa pamoja, maana nimechoka kuandika meseji, na vidole vyangu ni vya kushika bisibisi, si vya kupapasa kioo.

Ila nawaonya mapema kwamba jambo hili siwezi kulizungumza kwa utulivu. Miezi michache iliyopita nilinunua gemu moja la namna hiyo, na nililinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu, mwalimu wangu wa ufundi, Ba Mutale wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na kauli. Alikuwa amegoma mazoezi, amegoma wageni, na binti yake Chileshe alikuwa anaogopa kwamba baba ameamua kukaa kwenye kiti chake hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu magemu ya kuoshwa, mimi namwona mzee yule.

Kwanza neno lenyewe. Wazungu wana jina lao refu, lakini pale bandani tuliita kuoshwa, na nadhani tulipatia kuliko wao. Mnawajua vijana wanaoosha malori yaliyokwama kwenye foleni ya mpakani. Lori linafika limejaa matope ya mikoa mitatu, linasuguliwa, linang'aa mpaka dereva mwenyewe analizunguka mara mbili. Injini ni ileile. Gemu lililooshwa ndiyo hivyo: gemu lilelile la zamani, limefutwa vumbi na kunolewa picha ili lipendeze kwenye TV zenu kubwa za flati. Lililojengwa upya ni habari nyingine. Hapo wamebomoa mpaka msingi, wakajenga nyumba mpya, kisha wakaipa jina la marehemu. Wengi mnaolalamika mlinunua la kuoshwa mkitegemea la kujengwa, au kinyume chake, halafu mnamtukana muuzaji.

Na kuosha hakuponyi ugonjwa. Baba yangu alilima kahawa Iyula. Siku ya kuosha alimwaga kahawa kwenye pipa la maji, zile mbovu zikaelea juu, naye akazichota na kuziweka pembeni bila huruma. Mimi, mtoto mjuaji, nikamuuliza kwa nini asizioshe zaidi mpaka zipone. Alicheka mpaka akakaa chini. Gemu lililokuwa bovu siku lilipotoka, ukiliosha unapata gemu bovu linalong'aa. Kwa hiyo swali la kwanza si picha, ni kama wewe mwenyewe ulilipenda au kuna mtu unayemwamini aliyelipenda.

Sasa Ba Mutale. Nilifika Tunduma nikiwa binti wa kuuza vitenge, sijui hata betri inaingia upande gani. Redio yangu ikafa. Nikaambiwa vuka mpaka, ukishavuka tu utaona kibanda cha mbao, juu yake kumeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa tunatengeneza kila kitu isipokuwa ndoa. Mwenye kibanda akaifungua redio, akaipuliza, akagusa sehemu moja kwa ncha ya pasi ya kuchomea, ikaongea. Nilibaki nimesimama mdomo wazi. Kesho yake nikarudi bila redio. Keshokutwa nikarudi tena, vitenge vyangu vikiwa vimefungwa hata fundo sijalifungua. Siku ya nne akanipa bisibisi bila kunitazama.

"Bamayo," akasema, na kwao hilo ni neno la kumheshimu mama, ingawa mimi wakati huo nilikuwa sijazaa. "Kama umekuja kukaa, fungua hiyo."

Nikafungua. Nilikaa miaka mitatu nikivuka asubuhi na kurudi jioni. Alinifundisha kuchora mashine kwenye karatasi na kuiweka kila skrubu juu ya mchoro mahali ilipotoka, ili usije ukamaliza kazi ukabaki na skrubu mbili mkononi na uongo mdomoni. Alinifundisha kusikiliza kabla ya kushika. Mashine ikiwa inatafuta CD huku inalia tik, tik, tik, ni lenzi. Ikinguruma, ni mota. Ikinyamaza kabisa, usianze kuchokoa ndani, angalia kwanza kama imechomekwa. Mnacheka, lakini nimetengeneza mashine nyingi sana kwa kuchomeka tu waya.

Na nimeharibu pia. Lenzi husafishwa kwa pamba na tone moja la spiriti safi. Siku moja spiriti iliisha, Ba Mutale yuko msibani Kasama, na mteja amekaa mbele yangu anaangalia saa. Nikajiambia, spiriti ni kilevi, kachasu ni kilevi, tena kachasu ya pale ukiiwashia kiberiti inawaka. Nikaenda kwa mama mmoja muuzaji nikanunua kichupa. Kumbukeni mimi ni mwanakwaya. Natoka mlangoni nimekumbatia chupa, nakutana uso kwa uso na mwalimu wetu wa kwaya, naye kavuka kununua sukari.

"Ni ya lenzi," nikamwambia.

"Sawa, mama," akasema. "Kila mtu ana jina lake la kuiita."

Lenzi yenyewe ilipata ukungu kama dirisha la jikoni. Ba Mutale aliporudi akainusa mashine, akanitazama, akainusa tena. "Bamayo, hii imelewa," akasema. "Iache ilale." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Akafungua mashine yake mwenyewe, ile aliyokuwa anachezea nyumbani, akatoa lenzi yake akamwekea mteja wangu. Yeye akakaa miezi bila kucheza, mtu aliyekuwa anapenda gemu kuliko chai. Ndiyo maana nikasema siwezi kumzungumzia mzee huyo kwa utulivu.

Nilipofungua banda langu upande wa Tunduma nilitegemea watoto. Waliokuja kulijaza ni madereva wa malori. Mtu ameegesha lori lake halisi kwenye foleni siku ya tatu, amechoka kulala ndani ya kabini, anakuja kwangu analipia ili aendeshe lori la kwenye kioo. Niliwauliza kama hawachoki. Mmoja akanijibu, "Mama, hili linatembea."

Maana tulikuwa na gemu moja lililowashika wote. CD yake ilikuwa na maandishi ya kigeni ambayo hakuna aliyeyajua, kwa hiyo tukaliita Gemu la Malori. Mnacheza wawili, kioo kinagawanyika katikati. Kila mmoja ana lori na mzigo, mnapanda mlima, na juu kabisa kuna geti lenye mti wa kizuizi na foleni ya malori mengine. Inabidi usubiri zamu yako mti unyanyuke, kisha unateremka mpaka mwisho. Mwanzoni kulikuwa na mzee anayekunyooshea kidole na kusema maneno mengi kwa ukali. Tukamwita Bosi Mkali, na watu walikuwa wanamjibu matusi kabla ya kuanza.

Sasa mtu wa Tunduma ukimwonyesha foleni na mti wa kizuizi, macho yanaanza kutafuta pembeni yenyewe. Aliyepata ni Ba Mutale. Alikuwa anakuja Jumapili mchana baada ya ibada, tunacheza. Jumapili moja akafika getini, akarudi nyuma, akageuza usukani, akaugonga ukuta kwa tairi la nyuma la kushoto, pale karibu na pipa jekundu. Lori likazama ndani ya ukuta, likatokea upande wa pili. Banda zima lilisimama. Walioliunda gemu walikuwa wamesahau kuziba pale, ni kosa lao. Sisi tukaliita njia ya panya, na wasio wa mpakani niwaeleze tu kwamba ndivyo tunavyoita vile vijia vya kuvukia bila kupita kwenye geti. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyeshinda Gemu la Malori kwa kupanga foleni. Hata mzee mmoja wa kanisa, mtu mwadilifu kabisa, alikuwa anapita pale ukutani bila kupepesa.

Miaka ikaenda. TV za chogo zikatoka, flati zikaingia. CD zikaanza kufa, na siku hizi mashine nyingine hazina hata tundu la kuingizia CD, gemu linashuka kwa bando. Lenzi niliyoisomea miaka mitatu, leo fundi mchanga hajawahi kuiona. Sikuhuzunika, niwaambie kweli. Nilipenda kila kitu kipya. Nilikuwa nafungua mashine mpya kwa furaha ya mtoto aliyepata viatu.

Isipokuwa magemu ya kuoshwa. Hayo niliyachukia, na sababu ninayo. La kwanza nililonunua lilikuwa zuri kwa macho, lakini walioliosha walikuwa wameondoa kucheza wawili kwenye kioo kimoja, eti mwenzako awe kwake na mashine yake na intaneti yake. Banda linaishi kwa watu wawili kukaa benchi moja na kusukumana viwiko. Wateja walilitazama, wakasifu, wakaondoka. Mimi hasira zangu hazina breki. Nikabandika karatasi mlangoni: HAPA HATUCHEZI GEMU LILILOOSHWA. Ilikaa pale mpaka nilipostaafu, na watu walikuwa wanaipiga picha.

Hasira ile hata hivyo ilinipa elimu, na elimu hiyo nawapa bure. Usinunue siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu anasifu. Tafuta video ya mtu anayelicheza kimyakimya, asiyepiga kelele za kibiashara, uone kama linakwama. Kama wewe ni mwenye banda, hakikisha kwanza kwamba wawili wanaweza kukaa pamoja. Uliza linakula bando kiasi gani, na kama intaneti ikikatika litaendelea au litakugeuzia uso. Na kama CD yako ya zamani bado inasoma na mashine bado inapumua, jiulize unanunua nini hasa. Wengi mnanunua utoto wenu, na huo haumo ndani.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawajibu mpaka mwaka huu wakati wa mvua, Chileshe aliponipigia.

"Mama, shikamoo," akasema. "Baba ameutupa mpira wa mazoezi dirishani."

Habari ya kiharusi nilikuwa nayo, nilishakwenda kumwona hospitali. Sikujua kwamba aligoma. Chileshe akanieleza kwamba kuhusu mkono wa kulia daktari haahidi kitu, lakini ule wa kushoto na kichwa vinataka kazi, na mzee anakaa anatazama ukuta tangu asubuhi. Kuongea angeweza kujaribu, anaanza kuelekea kwenye neno halafu analiacha njiani kwa aibu. "Wewe anakusikiliza," akasema.

"Hajawahi kunisikiliza hata siku moja."

"Basi njoo mgombane, mama. Angalau atatoa sauti."

Nilijua cha kufanya, au nilidhani najua. Nikatoa mashine yangu ya zamani kabatini. Siku mbili nilikaa nayo: nikasafisha lenzi kwa spiriti halali, nikachomea upya waya wa pedi ya kuchezea, nikapata TV ya chogo kwa jirani. Gemu la Malori lilipowaka, Bosi Mkali akaninyooshea kidole, nilishangilia peke yangu sebuleni. Nikavuka nayo mpaka Nakonde nikiwa na furaha ya kijinga.

Ba Mutale alipoona picha ile, macho yalifunguka. Nikamwekea pedi mapajani. Lakini pedi ile ya zamani, mnaijua, inataka mikono miwili: dole gumba la kushoto linageuza, la kulia linakanyaga mafuta. Kushoto aligeuza. Lori halikwenda. Akaunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya kitufe, ukateleza. Akauweka tena, ukateleza. Mara ya tatu aliacha ukining'inia, akageuza uso ukutani, na sikuuona tena mpaka naondoka. Nilikuwa nimebeba mashine nzima mgongoni kwenda kumwonyesha mwalimu wangu kitu ambacho hawezi tena. Nililia kutoka Nakonde mpaka Vwawa, na watu walidhani nimefiwa.

Nyumbani nikakumbuka kwamba vijana wawili watatu walishaniandikia zamani kidogo: Bibi Gemu, Malori yameoshwa, yametoka. Niliwajibu vibaya, na wakisoma hapa waniwie radhi. Nikalitafuta. Bei yake ilinifanya nikae chini, lakini nikalinunua, na likachukua siku tatu kushuka kwa mtandao wetu wa kubabaisha. Siku ya nne nikaliwasha nikiwa nimekunja uso tayari kwa ugomvi.

Jamani. Jamani wanangu. Kulikuwa na mvua kwenye kioo cha lori. Mvua ile ile ya mlimani ambayo zamani ilikuwa mistari myeupe tu, sasa inatiririka, na waipa zinaifuta. Ule mlima nilioupanda miaka na miaka, kumbe pembeni kuna nyumba zenye taa. Kuna kitufe ukikibonyeza picha inarudi kuwa ya zamani, ukikibonyeza tena inakuwa mpya, na mimi mtu mzima nilikaa nabonyeza na kubonyeza huku nacheka. Halafu wameweka maneno kwa Kiingereza. Akatokea Bosi Mkali, ananyoosha kidole, na kwa mara ya kwanza nikasoma anachosema. Anasema: nenda taratibu, barabara inateleza, wanao wanakusubiri. Miaka yote hiyo tulikuwa tunamtukana mzee anayetuombea usalama.

Nikakimbilia getini moja kwa moja. Pipa jekundu lipo. Nikarudi nyuma, nikageuza, tairi la kushoto, nikaugonga ukuta. Ukuta ukakaa. Nikagonga tena na tena. Walikuwa wameziba njia ya panya. Kwa karatasi zao lile lilikuwa kosa, na wao ni watu wa kusahihisha makosa. Nilitupa pedi kwenye kochi nikatamka maneno ambayo mwalimu wa kwaya angeyaamini kirahisi. Kwangu gemu lilikuwa limekufa pale.

Ila Ba Mutale alinifundisha kwamba mashine ngeni unaisoma yote kabla ya kuilaani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikasoma mstari kwa mstari, sauti, mwanga, lugha, mpaka chini kabisa ambako hakuna anayefika. Na pale chini pameandikwa kwamba unaweza kuendesha kwa mkono mmoja. Unachagua, kulia au kushoto. Unachagua kitufe gani kiwe mafuta, kipi breki. Ukipenda unapunguza hata ukali wa usukani. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. Nilibadilisha, nikauficha mkono wangu wa kulia nyuma ya mgongo, nikapanda mlima wote kwa kushoto peke yake.

Kwa hiyo jibu langu la leo ni tofauti na lile la kwenye karatasi ya mlangoni, na sioni haya kulibadilisha. Msiangalie tu picha imenolewaje. Angalieni ni nani ambaye gemu la zamani lilimfungia nje, halafu mwone kama hili lililooshwa limemfungulia. Anaweza kuwa mama asiyeona vizuri maandishi madogo, au rafiki asiyesikia, au mzee wa mkono mmoja. Likimfungulia hata mmoja unayempenda, nunua na usilalamike kwamba wamekuzibia kitundu chako. Kama linaongeza tu mng'ao, bakini na la zamani, halina deni na mtu.

Lakini wakati huo sikuwa na uhakika hata kidogo. Nilivuka kesho yake asubuhi nikiwa na mashine mpya. Nikimwaibisha mara ya pili, nilijua hataniruhusu ya tatu, na pengine hatamruhusu mtu mwingine yeyote.

Aliniona mlangoni, akafumba macho. Sikumsalimia kwa maneno mengi. Nikaunganisha waya, nikaweka pedi juu ya kiti karibu na mkono wake wa kushoto, kama mtu aliyeisahau pale, nikaanzisha kucheza wawili. Lori langu likaondoka. La kwake likabaki limesimama, injini inanguruma. Chileshe alituacha, akaenda jikoni kusonga ugali, nadhani hakutaka kuona.

Sikugeuka kumtazama. Nikasikia kiti kinalia. Baadaye kidogo, upande wake wa kioo, lori likasogea mbele hatua moja, likasimama. Likasogea tena. Likagonga ukingo, likarudi barabarani, likaanza kupanda.

Nikafanya kosa. Nikamhurumia, nikapunguza mwendo ili anifikie. Ba Mutale akasimamisha lori lake katikati ya barabara, akageuza kichwa, akanitazama. Jicho lile nalijua tangu siku ya kachasu. Nikasema, "Haya, samahani," nikakanyaga mafuta bila huruma yoyote, na yeye akanifuata.

Nilifika getini wa kwanza. Nilijua wameziba, nilikuwa nimeujaribu ukuta ule mwenyewe, lakini mikono yangu haikuniuliza. Nikarudi nyuma, nikageuza, tairi la kushoto, nikaugonga. Nikajiambia pembe haikukaa sawa, nikagonga tena. Ba Mutale akafika, akagonga mara moja pale pale. Akagonga ya pili. Akasimama. Kisha lori lake likageuka taratibu na kwenda kupanga foleni nyuma ya malori mengine, mtu yule aliyeigundua njia ya panya, akakaa pale kwa adabu akisubiri zamu yake. Mti ukanyanyuka. Akapita. Mimi bado nagonga ukuta.

Alifika chini nikiwa juu mlimani. Nikaweka pedi, nikageuka. Mzee alikuwa anatikisika mabega, na nilihitaji muda kuelewa kwamba anacheka. Mdomo wake ulikuwa unahangaika, ukaacha, ukaanza tena, na safari hii hakuona aibu.

"Bamayo," akasema. Akapumua. "Foleni."

Mwiko ukaanguka jikoni. Chileshe akatokea mlangoni na unga mikononi, akanitazama mimi, akaitazama TV.

"Mama," akauliza, "ni nani ameongea?"

Nikanyoosha kidole kwenye kiti cha mzee.

"Mimi," akasema baba yake.